Riwaya bila wakala: safari ya mswada kutoka Isansa hadi dukani

Wakala wa fasihi ni mtu anayemtafutia mwandishi mchapishaji, akauza haki za kitabu kwa niaba yake na kulipwa sehemu ya kile mwandishi anachopata. Hachapi kitabu wala hakiuzi dukani. Anachouza ni ruhusa: ruhusa ya kuchapa riwaya fulani, kwa lugha fulani, katika nchi fulani, kwa muda fulani. Kazi hii ilianzia London katika robo ya mwisho ya karne ya 19, pale Mskoti Alexander Pollock Watt alipoanza kuwapelekea wachapishaji miswada ya watu wengine na kukata asilimia 10 ya malipo. Wachapishaji wengi hawakumpenda. William Heinemann, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara hiyo, aliwapiga vita mawakala waziwazi, na sababu haikuwa ngumu kuiona: mwandishi akija mezani peke yake, aghalabu hukubali bei ya kwanza anayotajiwa.

Siku hizi wakala wa Uingereza au Marekani hukata asilimia 15 kwa mauzo ya nchini kwake na kwa kawaida asilimia 20 kwa tafsiri na mauzo ya nje, kwa kuwa huko hugawana na wakala mwenzake. Mwandishi asipolipwa, wakala naye halipwi. Masharti ya chama cha mawakala cha Marekani yanamkataza mwanachama kumtoza mwandishi ada ya kusomewa mswada. Kwa hiyo mtu anayejiita wakala na kuomba fedha kabla hajauza chochote ana kazi nyingine, si hiyo.

Saa za ofisini za wakala huliwa na simu, barua pepe na mikataba. Kusoma ni kazi ya jioni na ya mwisho wa wiki. Miswada humfikia kwa wingi usiomalizika: barua fupi, muhtasari, na sura tatu za mwanzo. Mingi haivuki ukurasa wa tano. Si kwamba yote ni mibaya. Mingine ni mizuri lakini inafanana na kitabu alichokiuza mwaka jana, mingine ni ya aina asiyoishughulikia, na mingine ina mwanzo wenye nguvu na katikati iliyolegea. Anachotafuta ni mswada ambao ataweza kuuzungumzia kwa wahariri kumi tofauti bila kuchoka, kwa sababu huenda akalazimika kufanya hivyo kwa mwaka mzima.

Akiukubali, hauuzi kesho yake. Husoma tena na kumrudishia mwandishi maoni: mhusika huyu ametoweka tangu sura ya nne, siri hii imefichuka mapema mno, kurasa hizi 30 hazina kazi. Mwandishi huandika upya, pengine mara mbili au tatu. Hapo ndipo wakala hupanga orodha ya wahariri. Orodha hiyo ndiyo mtaji wake. Anajua ni mhariri gani anayependa riwaya za kihistoria, yupi amehamia kampuni nyingine, yupi bajeti yake ya mwaka imekwisha. Maonyesho ya vitabu ya London na yale ya Frankfurt, yanayofanyika kila Oktoba, huwakutanisha mawakala na wachapishaji kwa vikao vya nusu saa nusu saa, kutwa nzima, na hakuna msomaji wa kawaida anayeviona.

Baada ya mauzo inakuja sehemu ya kazi isiyo na sifa lakini yenye faida kuliko zote, nayo ni kuzitenga haki. Mchapishaji angependa apewe kila kitu kwa saini moja: kitabu cha karatasi, kitabu cha kielektroniki, kitabu cha kusikiliza, tafsiri, filamu, mchezo wa redio, dunia nzima, maisha yote. Wakala humpa kile tu anachoweza kukitumia na kubakisha kingine. Kisha hukagua taarifa za mauzo zinapofika, hudai kilichochelewa, na kitabu kikiacha kuchapwa hudai haki zirudi kwa mwenyewe. Mwandishi mwenye wakala mzuri huweza kukaa miaka bila kugombana na mchapishaji wake, kwa sababu ugomvi una mtu anayelipwa kuubeba.

Mfano wa karibu ni wa Abdulrazak Gurnah. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1987. Kwa miaka mingi alikuwa na mhariri mmoja mwaminifu, Alexandra Pringle wa Bloomsbury, na wakala mmoja, Peter Straus wa kampuni ya RCW ya London. Alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi Oktoba 2021, vitabu vyake vilikuwa haba hata katika maduka ya Marekani. Ghafla wachapishaji wa lugha nyingi walihitaji haki za kuvitafsiri, na kila lugha ni mkataba wake, bei yake na muda wake. Katika wimbi hilo Kiswahili nacho kilipata sehemu yake: riwaya ya Paradise ya mwaka 1994 ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Mwandishi asiye na wa kumshughulikia haki zake angepokea barua hizo zote yeye mwenyewe, nyingine kwa lugha asizozijua, katika wiki ambayo kila gazeti duniani lilitaka kumhoji.

Tanzania kazi hii haijawahi kuota mizizi, na historia ya uchapishaji inaeleza kwa nini. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na serikali za kikoloni, ilipokea miswada moja kwa moja kwa posta. Tanzania Publishing House (TPH), iliyoundwa mwaka 1966, nayo ilikuwa mali ya umma. Mwandishi hakuhitaji mtu wa kumtafutia mlango, kwa kuwa milango ilikuwa michache na inajulikana. Waliochoka kusubiri walijifungulia milango yao: Elvis Musiba, mwandishi wa riwaya za Willy Gamba, alianzisha Continental Publishers, na Ben Mtobwa akawa na Heko Publishers. Wote wawili walikuwa waandishi, wachapishaji na wauzaji kwa wakati mmoja. Riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980 zilisomwa na maelfu ya watu kwenye mabasi na mabwenini bila wakala hata mmoja kuhusika. Baadaye magazeti ya udaku yaliendeleza desturi hiyo kwa hadithi za mfululizo, na Eric Shigongo akapata umaarufu wake humo.

Sababu ya pili ni hesabu. Chukua riwaya inayouzwa Sh10,000. Duka likikata asilimia 35, mchapishaji hubaki na Sh6,500. Mirabaha ya asilimia 10 ya kiasi hicho ni Sh650 kwa nakala. Nakala 1,000 zikiuzwa zote, ambalo si jambo dogo kwa riwaya isiyosomwa shuleni, mwandishi anastahili Sh650,000 kabla ya kodi. Wakala anayekata asilimia 15 angepata Sh97,500. Ili ajipatie Sh500,000 kwa mwezi, angehitaji kuuza riwaya zaidi ya 60 za namna hiyo kila mwaka na zote zimalizike madukani. Hakuna anayeweza kulipa pango kwa hesabu hiyo.

Fedha ya kweli ya vitabu nchini iko shuleni. Riwaya inayoingia katika orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari husomwa na vidato vizima mwaka baada ya mwaka. Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari zinafahamika hadi kata ya Isansa, mkoani Songwe, kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya matangazo. Tangu Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ishike uandishi wa vitabu vya kiada katika miaka ya 2010, wachapishaji binafsi wamepoteza sehemu kubwa ya soko lililokuwa likiwalipia hasara za riwaya. Kwa hiyo mchapishaji anayeletewa riwaya leo hujiuliza mapema: itafaa darasani? Swali hilo linaudhi, na limeharibu riwaya nyingi zilizogeuzwa mahubiri ili zipendwe na kamati, lakini mwandishi anayelipuuza asishangae akijibiwa kwa ukimya.

Isansa ni kata ya wilaya ya Mbozi, katika mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na wenye makao makuu Vwawa. Ni nchi ya kahawa na mahindi. Kijana wa huko anayeandika riwaya huanza aghalabu kwa kalamu na kaunta buku, na lugha yake ya nyumbani ni Kinyiha au Kinyamwanga kabla ya Kiswahili. Yuko mbali na ofisi za wachapishaji, ambazo karibu zote ziko Dar es Salaam. Umbali huo, hata hivyo, si tatizo kubwa kama unavyodhaniwa, maana mswada husafiri kwa barua pepe kwa sekunde chache. Kilicho kigumu ni kwamba kazi zote zilizoelezwa hapo juu, za msomaji wa kwanza, mpangaji wa orodha, msoma mikataba na mdai madeni, zinamwangukia yeye, na nyingine hata hajui kwamba ni kazi.

Ya kwanza ni kusomwa. Marafiki husifu, ndugu husifu zaidi. Anayefaa ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari aliyesoma riwaya nyingi na asiye na haya ya kusema sura ya pili inachosha. Aulizwe maswali yanayojibika: uliacha kusoma wapi ukaenda kufanya kitu kingine? Ni mhusika gani ulimchanganya na mwingine? Majibu ya maswali hayo mawili yana thamani kuliko kurasa kumi za pongezi. Baada ya hapo mswada uwekwe kando angalau mwezi, kisha mwandishi ausome kwa sauti. Mazungumzo ya wahusika yasiyosemeka mdomoni hujifichua hapo hapo.

Kuhusu lugha, waandishi wengi wa bara huingiwa na hofu ya Kiswahili cha pwani na kuandika kama wanafanya mtihani. Tahajia na upatanisho wa kisarufi lazima viwe safi, maana mhariri akikutana na makosa manane katika ukurasa wa kwanza hataendelea. Lakini usanifu hauna maana ya kuwaondolea wahusika midomo yao. Dereva wa lori Tunduma hazungumzi kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na bibi wa Isansa anayechanganya Kinyiha na Kiswahili ana haki ya kubaki hivyo katika kitabu, mradi msomaji wa Tanga aweze kumwelewa kwa muktadha.

Songwe kwenyewe pia kuna hazina ambayo mwandishi wa huko huipita akienda kuitafuta Dar es Salaam. Riwaya ya Kiswahili imeandika sana kuhusu jiji hilo, Zanzibar na, kupitia Euphrase Kezilahabi, visiwa na mwambao wa Ziwa Victoria. Mpaka wa Tunduma na Nakonde, kati ya Tanzania na Zambia, haujapata sehemu yake. Malori yanayobeba shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandari ya Dar es Salaam hupanga foleni hapo. Kwacha na shilingi hubadilishwa mikononi. Treni ya TAZARA hupita. Familia moja huweza kuwa na shamba upande huu na mkwe upande ule. Mhariri aliyeko Dar es Salaam amesoma riwaya za kutosha kuhusu msichana aliyetoka kijijini akapotelea mjini. Hajasoma nyingi kuhusu karani wa forodha aliyezaliwa Isansa. Wakala wa London angeliona hilo mara moja na kuliweka katika sentensi ya kwanza ya barua yake, kwa kuwa kazi yake ni kuonyesha kilicho adimu.

Kabla ya kutuma, mswada unahitaji kuchapwa kwa kompyuta, na hapa tahadhari inahitajika. Steshenari za Mlowo, Vwawa na Tunduma huchapa kwa malipo ya kila ukurasa, na faili hubaki katika kompyuta ya duka. Mwandishi akae pale kazi ikikamilika, ajitumie nakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili apate tarehe inayothibitika, na aombe faili lifutwe. Asitegemee flashi moja. Kaunta buku lenye maandishi ya mkono lisitupwe hata baada ya kitabu kutoka, kwani ni ushahidi kuliko muhuri wowote.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapoandikwa, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) si sharti la kuwa na haki, lakini cheti husaidia sana ukizuka ubishi. Zanzibar ina ofisi yake, COSOZA. Namba ya ISBN ni jambo jingine kabisa, ingawa wengi huvichanganya: hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hutambulisha toleo la kitabu sokoni, wala haimpi mtu umiliki wa hadithi. Kitabu kinachochapishwa na kampuni huombewa ISBN na kampuni yenyewe. Anayejichapishia huiomba mwenyewe.

Kuchagua mchapishaji ni kazi ya kwenda dukani au maktaba na kufungua vitabu. Maktaba ya mkoa iliyo jirani ipo Mbeya. Mwandishi aangalie nyuma ya ukurasa wa jina: nani amechapa riwaya zinazofanana na yake katika miaka mitano iliyopita? Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kuiongoza TPH kwa miaka mingi, imechapa riwaya nzito kama Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. E&D Vision, ambayo mizizi yake ni kampuni ya Elieshi Lema na Demere Kitunga, ina historia ya vitabu vya wanawake na vijana. Nairobi kuna kampuni kubwa zaidi, kwa kuwa soko la vitabu teule vya sekondari Kenya limekuwa likizilisha, na mwandishi wa Tanzania hazuiwi kubisha hodi huko, ingawa atakutana na ladha tofauti ya Kiswahili. Kutuma riwaya ya kijasusi kwa kampuni inayochapa vitabu vya dini na hesabu ni kupoteza miezi.

Barua ya utangulizi iwe ukurasa mmoja. Aya ya kwanza iseme riwaya ni ya nani na inahusu nini, kwa sentensi mbili au tatu. Aya ya pili itaje urefu wa mswada kwa maneno, aina yake na msomaji anayelengwa. Ya tatu imtaje mwandishi: anaishi wapi, amewahi kuchapisha nini, na kama hajachapisha, basi aseme tu kazi anayoifanya. Maneno kama “riwaya hii itabadilisha jamii” yaachwe. Muhtasari wa kurasa mbili uambatishwe na ueleze hadi mwisho, ikiwa ni pamoja na nani muuaji. Mhariri si msomaji wa kufichwa. Anataka kujua kama mwandishi anajua anakokwenda. Kisha ni kusubiri, na kusubiri huko huweza kuchukua miezi sita au mwaka. Kukumbusha kwa adabu baada ya miezi mitatu si kosa. Kupiga simu kila Jumatatu ni kosa.

Njia nyingine, na kwa mwandishi asiyejulikana pengine ndiyo bora, ni tuzo. Katika mashindano mswada husomwa na waamuzi waliolazimika kuusoma, jambo ambalo hakuna barua ya utangulizi inayoweza kulihakikisha. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa fedha za kampuni za mabati, ikiwamo ALAF ya Dar es Salaam, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Washindi wake wa kwanza wa riwaya, mwaka 2015, walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu na Enock Maregesi kwa Kolonia Santita. Miswada iliyoshinda miaka iliyofuata, kama Mmeza Fupa ya Ali Hilal Ali na Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, sasa ni vitabu. Nyumbani kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na TET na kutolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, tarehe aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza katika fani yake hupata Sh10 milioni. Linganisha na ile Sh650,000 ya nakala 1,000.

Mkataba ukifika, furaha ni adui. Kijana aliyesubiri miaka miwili hutia saini siku ile ile, mara nyingi bila kumaliza ukurasa wa pili. Kuuza haki zote kwa malipo ya mara moja ni sawa na kuuza kahawa ikiwa bado ua mtini: bei huonekana nzuri kwa mwenye njaa, na mavuno huenda kwa mwingine. Mambo ya kutazamwa ni machache, lakini kila moja lina uzito. Mirabaha inakokotolewa kwa bei ya jaladani au kwa kile mchapishaji anachobaki nacho? Katika mfano wa juu, asilimia 10 ya bei ya jaladani ingempa mwandishi Sh1 milioni badala ya Sh650,000. Neno moja limekula Sh350,000. Taarifa ya mauzo itatolewa lini, na mwandishi ana ruhusa ya kukagua hesabu? Kitabu kikiisha na mchapishaji asikichape tena kwa miaka miwili, haki zinarudi? Haki za filamu, tafsiri na kitabu cha kusikiliza zimetajwa wapi?

Swali hilo la mwisho huonekana la anasa kwa mtu ambaye hajauza hata nakala moja. Si la anasa. Vuta N'kuvute ilichapishwa mwaka 1999. Zaidi ya miaka 20 baadaye Amil Shivji aliifanya filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni. Tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Jay Boss Rubin, imetolewa na Yale University Press mwaka 2025, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Riwaya huishi kuliko kampuni iliyoichapa mara ya kwanza, na mkataba uliosainiwa kwa haraka huishi nayo. Kufikirika ya Shaaban Robert nayo ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwandishi aweke nakala za mikataba mahali ambapo warithi watazipata, na awaambie ni kitu gani.

Kuna pia kodi ya zuio: mchapishaji hukata asilimia 15 ya mirabaha na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kabla ya kumlipa mwandishi. Makato hayo ni halali, na cheti chake kiombwe.

Wanaojichapishia wamekuwa wengi, na hakuna sababu ya kuwadharau, kwani Musiba na Mtobwa walifanya hivyo hivyo. Kinachowaangusha ni kuchapa nakala 1,000 kwa mkopo kisha kuzihifadhi chini ya kitanda. Nakala 100 za kwanza zikiuzwa kwa mkono, kwenye shule, makanisa, misikiti na stendi za Mlowo na Tunduma, zitasema kama za pili zinahitajika. Wengine huanza na sura za bure kwenye Facebook au WhatsApp, kisha humwomba msomaji alipe kwa simu ili aendelee. Njia hiyo inaleta fedha kweli na inafundisha kumaliza kila sura kwa swali. Ubaya wake ni kwamba maandishi hunakiliwa na kusambazwa siku ile ile, na wachapishaji wengine hukataa riwaya iliyokwisha kusambaa hivyo.

Upweke wa kazi hii hupunguzwa na vyama. UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, uliowakusanya waandishi kama Hussein Tuwa, ni mahali ambapo anayeanza huweza kuuliza mchapishaji gani analipa kwa wakati na yupi hajibu simu. Huko ndiko kuliko na ile orodha ambayo wakala wa London huiuza kwa asilimia 15, na hapa hupatikana kwa kuuliza tu. Anayeishi Isansa hahitaji nauli kuipata, anahitaji bando.

Upungufu uliobaki ni wa kisheria, na ndio unaostahili kushughulikiwa kwanza. Mikataba ya uchapishaji huandikwa kwa lugha ngumu, mingine kwa Kiingereza, na wakili wa kuisoma hapatikani kirahisi Mbozi. COSOTA, vyama vya waandishi na Chama cha Wachapishaji Tanzania wakikubaliana juu ya mkataba mmoja wa mfano, wa kurasa tano, kwa Kiswahili kinachosomeka, na kuufikisha kwa maofisa utamaduni wa wilaya na walimu wa Kiswahili, watakuwa wamempa mwandishi wa kata kama Isansa nusu ya kile ambacho wakala angempa. Gharama yake ni ndogo kuliko zawadi ya mshindi mmoja wa tuzo.